Furaha ya Nani Huitwa Utamaduni?

Ukifika Munich ukaomba kuonyeshwa utamaduni wa watu wa pale, kuna uwezekano mkubwa utapelekwa kunywa. Hakuna atakayeona haya. Jumba lenyewe linaitwa Hofbräuhaus, liko katikati ya mji, na ukoo wake ni mrefu: mtawala wa Bavaria, Wilhelm wa Tano, alianzisha kiwanda chake cha bia mwaka wa 1589, na mwaka wa 1828 wananchi wa kawaida wakafunguliwa mlango. Leo limo kwenye kila kitabu cha watalii. Watoto huletwa. Mapadri huja. Bibi wa miaka themanini anakaa mbele ya kikombe cha lita moja na hakuna anayemwita mlevi.

Ukifika Ekero, pale njia panda karibu na Mumias, ukaomba jambo hilohilo, mwenyeji wako atakusimulia habari za Nabongo Mumia, atakupeleka Matungu kwenye kituo cha utamaduni cha Wawanga, kisha atakulisha kuku mpaka ushindwe kuinuka. Ya kunywa, ikiwa yatatajwa, yatatajwa kwa sauti ya chini. Ataangalia kwanza nani yuko karibu.

Nimezaliwa Ekero. Jumba la Munich nimeliingia mara moja. Na tangu usiku ule kuna swali ambalo halijaniacha: ni kitu gani hasa kinachoifanya furaha moja iitwe utamaduni na nyingine iitwe tabia mbaya?

Binamu yangu ni muuguzi kule. Alikwenda kabla ya Ruto na Scholz kushuhudia ule mkataba wa ajira uliotiwa saini Berlin mnamo Septemba 2024, wakati ambapo kila mtu alikuwa anahangaika na visa kivyake. Nilipomtembelea akaniambia, "Mwana wefwe, leo nakupeleka mahali utacheka." Tulifika Jumamosi saa mbili usiku na kulikuwa kumejaa kama stendi ya matatu siku ya kurudi shule. Meza ndefu za mbao, mabenchi yasiyo na mwenyewe, dari iliyopakwa rangi na michoro, bendi ya wazee waliovaa kaptula za ngozi wakipuliza tarumbeta mpaka kifua kinatetemeka. Mimi nilisimama nikingoja tupewe meza yetu. Binamu akanicheka. "Hapa hupewi meza. Unawauliza walioketi kama kuna nafasi, wanasogea, unakaa."

Na kweli walisogea. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimebanwa kati ya mzee mmoja wa pale na familia iliyotoka mji mwingine, tunagonganisha vikombe. Ukigonganisha lazima umtazame mwenzio machoni. Ukiangalia pembeni wanakurudisha, unaanza upya. Kila baada ya muda bendi ilikatiza ilichokuwa inapiga, ikapiga wimbo mfupi wa kutakiana afya, na ukumbi mzima ukainua vikombe. Mhudumu, mama wa makamo, alipita na vikombe vingi vya lita moja mikononi, mwendo wa mtu aliyechelewa mazishi. Chakula kilikuwa mguu wa nguruwe uliookwa hadi ngozi ikawa inavunjika, kabichi iliyochachushwa, na mikate ya chumvi iliyosokotwa kama fundo. Yule mzee akanionyesha kabati la chuma lenye visanduku vidogo, kila kimoja na kufuli. Humo wateja wa siku zote huhifadhi vikombe vyao wenyewe. Cha kwake kimo humo, akasema, na funguo anazo yeye.

Binamu yangu hanywi. Aliagiza maji ya tufaha yaliyochanganywa na soda, akaletewa kwenye glasi kubwa, akagonganisha na kila mtu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kitu kidogo kilitokea baadaye. Kijana mmoja meza ya jirani alipanda juu ya benchi akaanza kupiga kelele zisizo na mpangilio. Yule mama mhudumu hakumwita askari wala mabaunsa. Alimshika bega, akamwambia maneno mawili, akaondoa kikombe chake, akarudi na maji. Kijana akakaa. Wenzake wakamcheka, mmoja akamkumbatia, na jioni ikaendelea. Binamu yangu alinitafsiria: alikuwa amemwambia tu kwamba inatosha.

Nikamkumbuka kukhu.

Kukhu wangu alikuwa anapika busaa. Nasema kupika kwa sababu ni kazi ya jikoni kama nyingine yoyote, na ni ndefu. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, unakaangwa juu ya bati kubwa hadi ubadilike rangi, unaanikwa. Wimbi linaoteshwa, linakaushwa, linasagwa, ndicho kimea. Vyote vinakutana kwenye maji na kungojwa. Nikiwa mtoto nilijua siku ya wiki kwa harufu ya ua wetu. Wazee walikuja jioni, wakaketi kwenye vigoda kuzunguka nyungu moja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Mrija mwingine mtu alikuwa nao miaka na miaka. Aliufunga na kuutundika juu kwenye paa, na mtoto aliyeuchezea alijuta. Mwaka ule nilipoona kabati la vikombe Munich, sikuhitaji kuelezwa.

Palikuwa na sheria pale kwenye nyungu, ingawa hakuna aliyeziandika. Mzee wa kwanza kunywa alijulikana, na wa mwisho alijulikana. Mtu akianza kumtukana mwenzake, mrija wake ulitolewa nyunguni, ukaegemezwa ukutani, na alipaswa kuuangalia hapo mpaka atulie. Kukhu mwenyewe ndiye aliyesema inatosha, na wanaume wazima waliomzidi nguvu waliinuka wakaenda nyumbani. Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka humo. Malipo ya miwa yalikuwa yameanza kuchelewa, na nyungu haikuchelewa.

Sasa niambie tofauti iko wapi.

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni usafi. Eti bia ya Wajerumani inajulikana imetengenezwa vipi, na ya kienyeji haijulikani ina nini. Hili si jibu la kupuuzwa. Mnamo Februari 2024, watu walikufa Kirinyaga na wengine wakapoteza macho, na kila mwaka nchi hii inazika watu kwa sababu ya sumu kwenye glasi. Lakini angalia vizuri: pombe ile ya Kirinyaga iliuzwa kwenye baa. Haikutoka kwenye nyungu ya bibi aliyekaa akiwatazama majirani zake usoni wakinywa. Na ile sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka wa 1516, ambayo Wajerumani wanajivunia mpaka leo, ilisema bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Ilipanga hata bei. Maana yake, mtawala alikuta watu wanatengeneza bia, nyingine mbaya, akawaambia namna ya kuitengeneza na bei ya kuiuza. Hakuwafukuza wapishi. Usafi wa Wajerumani ni matokeo ya kukubaliwa kwa muda mrefu. Sisi tunaufanya kuwa sharti la kukubaliwa.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilitungwa mwaka wa 1980. Mwaka wa 2010 Bunge likageuka, likapitisha sheria ya kudhibiti vileo, ile watu wanayoiita ya Mututho, ambayo iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na viwango. Kwenye karatasi ni jambo la busara. Lakini masharti yale yanaelekea kwa mwenye kiwanda, mwenye chupa na lebo. Hayaelekei kwa mjane wa Ekero mwenye nyungu mbili na bati la kukaangia.

Kwa hiyo jibu la pili, ambalo vijana wengi wa rika langu hulikimbilia, ni mamlaka. Utamaduni ni tabia yenye nguvu za kujitetea. Tabia mbaya ni ileile ikiwa mikononi mwa maskini. Na historia inatoa ushahidi wa kutosha. Wakati wa ukoloni, baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia haki ya kuuza pombe ya Waafrika, likajenga kumbi zake, Pumwani ikiwa mojawapo, huku mwanamke aliyepika nyumbani kwake mtaa huohuo akishtakiwa. Kinywaji kilikuwa kimoja. Kilichobadilika ni nani anaweka pesa mfukoni. Afrika Kusini walifanya vivyo hivyo, na Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, Durban, waliokuwa wakimwagiwa pombe zao na polisi, waliandamana hadi kwenye kumbi za manispaa wakawatoa wanaume waliokuwa wakinywa humo. Walielewa hesabu vizuri kuliko wachumi.

Na sisi wa leo hatuko mbali. Nairobi tumewahi kuwa na Tusker Oktobafest yetu, tiketi, mahema, vijana wamevaa kofia za Kijerumani wanapiga picha. Bavaria yenyewe sherehe ile ilianza Oktoba 1810 kama harusi ya mwana wa mfalme. Yaani tuko tayari kulipa ili kusherehekea harusi ya mtoto wa mfalme wa watu wengine, na palepale kwenye simu tunasambaza klipu ya bibi wa Magharibi anayekimbizwa na nyungu yake, na emoji ya kucheka. Sisemi usiende. Bia ni bia, sherehe ni sherehe. Nauliza tu kwa nini kofia ile haikuchekeshi na nyungu inakuchekesha.

Hata hivyo jibu la mamlaka nalo halinitoshi. Likiachwa peke yake linatufanya tuamini kwamba kila kilichodharauliwa ni kitakatifu. Sikubali. Kwenye kijiji chetu kuna mama aliyejua kila mwisho wa mwezi atalala njaa na watoto wake kwa sababu mshahara wa baba ulipita kwanza kwenye nyungu, tena wakati mwingine nyungu ya kukhu. Mama huyo hakuhitaji mhadhara kuhusu ukoloni. Alihitaji unga.

Tena kuna mjomba wangu. Mumias ni mji wa misikiti mingi, na familia yetu, kama nyingi za pale, ina Waislamu na Wakristo wanaokula sahani moja. Mjomba ni Mwislamu wa kuswali swala tano. Kwenye sherehe za nyumbani kukhu alimwandalia chupa ya chai kabla nyungu haijafunuliwa. Aliketi, akanywa chai yake, akasikiliza hadithi za wazee, akaondoka kabla ya Isha. Nilipomweleza habari za Munich alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haramu ni haramu. Ya Ekero na ya huko kwa Wazungu." Wengine wangeona ni ukali. Mimi naona ndani yake kuna haki ambayo sijaiona kwenye sheria zetu: mjomba ana kipimo kimoja kwa watu wote. Huwezi kumkataa kwa hoja ya unafiki. Kama nataka kuitetea nyungu ya kukhu, ni lazima nami niwe na kipimo kimoja, na kiwe kinaweza kuihukumu Munich pia.

Maana Munich ina la kuhukumiwa. Tarehe 24 Februari 1920, ndani ya Hofbräuhaus hiyohiyo, kwenye ukumbi wake mkubwa wa juu, Adolf Hitler alisimama mbele ya umati akasoma hoja 25 za chama kilichokuja kuwa cha Wanazi. Moja ya hoja hizo ilisema wazi kwamba Myahudi hawezi kuwa raia. Watu walikuwa na bia mezani. Walikuwa wanashangilia pamoja, wageni kwa wageni, bega kwa bega. Kila kitu nilichokipenda usiku wangu kilikuwapo usiku ule: mabenchi, vikombe, ukaribu, joto la kuwa miongoni mwa watu. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba meza ndefu peke yake inamfanya mtu kuwa mwema. Meza ndefu inaongeza nguvu ya chochote kilichowekwa juu yake.

Hapo ndipo nilipofika na swali langu, na nitalisema kwa maneno rahisi. Furaha ya pamoja inastahili kuitwa utamaduni pale ambapo mlevi anaweza kuambiwa inatosha na akasikia, na pale ambapo asiyekunywa, au asiyefanana nanyi, anasogezewa nafasi akakaa. Umri wa jengo hauingii, wala lebo ya chupa. Kwa kipimo hicho Hofbräuhaus ya Jumamosi ile ilipita, kwa mkono wa yule mama begani na kwa glasi ya maji ya tufaha. Hofbräuhaus ya 1920 ilianguka. Ua wa kukhu jioni nyingi ulipita, kwa mrija uliotolewa nyunguni na kwa chupa ya chai. Na kwa yule mama aliyelala njaa ulianguka, kwa sababu yeye hakuwa na sauti pale. Mumewe ndiye aliyekaa kwenye kigoda, na hakuna aliyemwambia inatosha kabla pesa ya unga haijaisha.

Sasa utaona kwa nini kukimbiza watu si suluhisho, hata kwa anayechukia pombe. Siku moja asubuhi walikuja wanaume na rungu, wakamwaga nyungu zote mbili, wakaondoka na kukhu. Alirudi jioni, akanawa miguu, hakusema alitoa kiasi gani. Wiki mbili baadaye alikuwa anapika tena, kwa sababu karo haikukamatwa pamoja naye, ila sasa alipikia nyuma, kwenye miwa. Wazee wengi hawakumfuata. Mzee wa heshima hatambai kwenye shamba la miwa usiku. Waliokuja ni vijana. Hawakuwa na mirija wala muda, walitaka kikombe, wamalize, watoke kabla mbwa hajabweka. Busaa ni nzito na inakwenda polepole, kwa hiyo baada ya muda wateja waliuliza chang'aa. Kukhu alikataa, na jirani mwingine akakubali. Mule gizani hakukuwa na mtu wa kusema inatosha. Kilichomwagwa asubuhi ile kilikuwa ni zile sheria zisizoandikwa. Pombe yenyewe ilirudi kwa wiki mbili.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni onyo zuri, nami nalikubali. Lakini hatuna methali ya kutuambia mgema akifukuzwa hulitia nini. Jibu tumelipata hospitalini.

Kule Bavaria, mwaka wa 1812, mfalme aliamua kwamba watengenezaji bia wanaweza kuuza bia yao kwenye bustani zao wakati wa kiangazi, ila wasiuze chakula, ili wenye hoteli wasiharibikiwe. Watu wakaanza kuja na chakula chao kutoka nyumbani. Mpaka leo kwenye bustani za asili za bia unaweza kuja na kikapu chako, ukafungua mkate wako na figili zako, ukanunua kinywaji tu, na hakuna wa kukutoa. Hilo ndilo ningependa viongozi wetu wasome, kuliko nembo za viwanda. Serikali ilikuta maslahi mawili yanagongana, ikatafuta namna ambayo mwenye pesa kidogo bado ana pa kukaa.

Ekero inaweza. Njia panda ile ina wauza kuku, wauza nguo, mafundi wa boda boda, watu kutoka Butere na Bungoma wakishuka na kupanda. Tangu kampuni ya sukari ya Mumias iwekwe chini ya msimamizi wa madeni mnamo Septemba 2019, kila anayepita pale anajua watu wanatafuta kila njia ya kuishi. Leseni ya bei ya mjane. Mahali penye taa na choo. Mtu wa afya anayepita kupima kinachopikwa, akija na kipimo badala ya rungu. Chai kwenye chupa kwa mjomba na wenzake, wakitaka kuja, na heshima ileile wakikataa kuja. Na wake za wanywaji wawe na kiti na neno, kwa sababu bila hilo tutakuwa tumejenga tu mahali pazuri pa kumla yule mama unga wake.

Najua kuna watakaosema ninahalalisha ulevi kwa Kiswahili kizuri. Wao nawauliza kitu kimoja, na naomba wajibu kwa kipimo kimoja kama mjomba. Mtoto wako wa chuo, Jumamosi hii, atakunywa au hatakunywa. Hilo huliamui wewe. Ungependa awe wapi saa nne usiku: mahali ambapo mama mmoja anamwona na anaweza kumshika bega, au kwenye miwa?